Je, Tovuti Yako Inahitaji Teknolojia Hiyo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya, yanayohusu teknolojia ambazo tovuti inazihitaji kweli na zile isizozihitaji, yametoka kwa walimu wakuu, wenye nyumba za wageni, viongozi wa SACCOS na vijana wanaoanza kazi ya kutengeneza tovuti. Yanarudi kila mara, maneno yakibadilika kidogo tu, ndiyo maana yamejibiwa hapa kwa kirefu. Majibu yanaanza na misingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Jibu linapotegemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Tovuti inahitaji nini ili iwe tovuti?

Inahitaji jina la kikoa (anwani ya tovuti), nafasi kwenye seva (kompyuta inayotuma kurasa) inayowaka usiku na mchana, na mafaili ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) yaliyowekwa humo. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inatuma faili, na kivinjari kinalichora kwenye kioo. Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ilipoanza kusomwa na umma mwaka 1991, hapakuwa na kingine zaidi ya hicho, na kurasa za namna hiyo zinafunguka mpaka leo.

Vilivyofuata vilikuja kwa sababu zinazoeleweka. JavaScript ilitengenezwa Netscape mwaka 1995 ili ukurasa uweze kuitikia vitendo vya msomaji bila kurudi kwenye seva kila mara. Mwaka huohuo PHP ilitolewa na kurahisisha kazi ya seva kutunga ukurasa papo hapo. Na mwaka 1996 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilipitisha CSS ili mwonekano utenganishwe na maudhui. Anayejua tatizo lililozaa kila kimoja hupata urahisi wa kutambua kama tatizo hilo analo au hana.

2. Nitajuaje kwamba teknolojia fulani inahitajika kweli?

Andika sentensi moja inayotaja mtu, jambo analotaka kulifanya, na sababu ya HTML na CSS kushindwa kulifanya. Tuchukue mifano miwili. Sentensi ya kwanza: "Mzazi anataka kuona ada ya kidato cha kwanza." Ukurasa mmoja wenye jedwali unamtosha, na hakuna cha kuongeza. Sentensi ya pili: "Mwanachama wa SACCOS anataka kuona salio lake, na asiweze kuona la mwenzake." Hapa kurasa za kawaida zinashindwa, kwa kuwa faili lililowekwa wazi kwenye seva husomwa na yeyote mwenye anwani yake, lazima pawe na programu inayomtambua mtu kwanza, na mahali pa kuhifadhi salio linalobadilika. Teknolojia imejitetea yenyewe ndani ya sentensi.

Ukijikuta unaandika "ili tovuti ionekane ya kisasa", tazama tena sentensi hiyo utafute mtu ndani yake. Hayumo. Mwaka 2006 kikundi cha W3C kinachoshughulikia usanifu wa wavuti kilitoa kanuni inayoshauri kuchagua lugha yenye nguvu ndogo zaidi inayotosha kwa kazi iliyopo, kwa sababu kadiri lugha inavyokuwa nyepesi ndivyo programu nyingine zinavyoweza kuisoma, kuichambua na kuitumia tena. Jedwali la ada lililoandikwa kwa HTML linasomwa na injini ya utafutaji, na programu inayomsomea asiyeona, na simu ya zamani. Jedwali hilohilo likichorwa na programu ndani ya kivinjari, baadhi ya wasomaji hao wanapotea.

3. Kwa nini nisiweke kila kitu tangu mwanzo, ili nisirudie kazi baadaye?

Kwa sababu kuongeza ni rahisi kuliko kuondoa. Kurasa 10 za HTML zinaweza kuhamishiwa kwenye mfumo wowote ndani ya siku moja. Kurasa zilezile zikishalala ndani ya kanzidata (hifadhi ya data inayosomwa na programu), zikiwa zimechanganyika na amri za programu-jalizi (nyongeza zinazochomekwa kwenye mfumo) tatu ambazo watengenezaji wake wameziacha, kuzitoa ni kazi ya wiki. Isitoshe, kila kitu unachoweka kinahitaji kusasishwa hata kama hakitumiki, na mwenye tovuti ndogo mara nyingi hana mtu wa kufanya kazi hiyo.

4. Je, kuna teknolojia ambazo hazingoji kuthibitishwa?

Zipo chache, nazo wekeni bila mjadala. Ya kwanza ni HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kati ya kivinjari na seva. Vyeti vyake vinapatikana bure kupitia Let's Encrypt tangu mwishoni mwa mwaka 2015, na tangu Julai 2018 Chrome huweka onyo kwenye anwani ya kila tovuti isiyo nayo. Watu hudhani ukurasa usio na siri hauhitaji kufichwa. Lakini bila HTTPS yeyote aliye katikati ya njia anaweza kubadilisha maandishi au kupachika matangazo kabla hayajamfikia msomaji.

Nyingine ni kutangaza kwamba ukurasa umeandikwa kwa UTF-8 (mfumo wa kuwakilisha herufi), kutaja lugha yake kwa `lang="sw"` ili programu za kusoma kwa sauti na za kutafsiri zijue ziko kwenye Kiswahili, na kuweka mstari wa `viewport` unaoufanya ukurasa uenee vizuri kwenye simu. Yote haya ni mistari michache na hayadai matunzo. Ongeza nakala rudufu ya mafaili, iliyo nje ya seva.

## Kanzidata na mifumo ya kusimamia maudhui

5. Tovuti yangu ina taarifa nyingi. Je, ninahitaji kanzidata?

Wingi wa taarifa peke yake hautoshi kuwa sababu. Swali la kuuliza ni kama kila msomaji anapaswa kuona kitu tofauti, au kama taarifa zinabadilika kutokana na vitendo vya wasomaji wenyewe. Kama wote wanaona kitu kilekile na mabadiliko yanafanywa na ofisi, basi kurasa zilizokwisha kutengenezwa zinatosha, hata zikiwa maelfu.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Kwa miaka mingi matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania yamekuwa yakifika kwa watu kama kurasa za kawaida za HTML: ukurasa mmoja kwa kila shule, jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, daraja na alama za masomo. Hakuna kuingia kwa nywila wala kusubiri hesabu. Fikiria siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nchi nzima inafungua kurasa hizo saa ileile. Seva inayotuma faili lililokwisha kuandikwa ina kazi ndogo sana kwa kila ombi. Seva inayolazimika kuiuliza kanzidata, kupanga majibu na kutunga ukurasa upya kwa kila mzazi huelemewa mapema zaidi. Data zenyewe bila shaka zinatunzwa kwenye mifumo ya ndani, lakini msomaji hana haja ya kuigusa. Utengano huo ndio ninaowashauri wengi: hifadhi taarifa zako upendavyo ofisini, hata kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, na utoe kurasa zilizokamilika nje.

Kanzidata inahitajika pale watu wawili wanapogombea kitu kimoja, kama vile chumba cha wageni au kiti cha basi, kwa kuwa lazima pawe na mahali pamoja panaposema nani amewahi. Inahitajika pia mtu anapotafuta kwa vigezo vingi vinavyokutana, kwa mfano nyumba ya kupanga yenye vyumba 3, Mbezi, isiyozidi kodi fulani. Hata hapo usianze na mtambo mkubwa. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, huhifadhi kanzidata nzima ndani ya faili moja bila kuhitaji seva ya pembeni, na tovuti nyingi ndogo hazitaimaliza nguvu yake.

6. Kila mtu anatumia WordPress. Kwa nini nisiitumie?

Unaweza kuitumia, na kuna kazi ambazo ningeshangaa mtu asipoitumia. WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti, ilitolewa mwaka 2003 kwa ajili ya watu wanaoandika mara kwa mara bila kujua HTML, na kwa hilo imefaulu sana. Kama jimbo la kanisa lina waandishi wanne wanaotoa habari kila wiki, au chuo kina idara zinazotangaza nafasi na ratiba zake zenyewe, mfumo wa kusimamia maudhui unawaondolea foleni ya kumsubiri fundi mmoja.

Tatizo linaanza pale mfumo huo unapowekwa kwa kurasa tano zitakazobadilika mara mbili kwa mwaka. Nalisema hili nikiwa na uchungu, kwa sababu nimewahi kulifanya. Niliitengenezea nyumba moja ya wageni ya pwani tovuti ya WordPress yenye programu-jalizi 14, nikaikabidhi pamoja na karatasi ya maelekezo ya kusasisha. Baada ya mwaka na nusu mwenye nyumba alinipigia simu. Mgeni wake alikuwa ametafuta jina la nyumba hiyo kwenye Google akaletewa kurasa za kamari. Programu-jalizi moja, iliyokuwa na kazi ya kutelezesha picha tu, haikuwa imesasishwa, na kupitia tundu lake watu wasiojulikana walikuwa wameingiza mamia ya kurasa zao. Yule mama alikuwa na wageni wa kupokea, jikoni la kusimamia na maji ya kununua. Hakuwa na sababu ya kufungua paneli ya usimamizi kila wiki, nami nilipaswa kuliona hilo tangu siku ya kwanza. Nilimwandikia upya kurasa zile tano kwa HTML. Bei za vyumba zikibadilika ananitumia ujumbe, ninahariri mstari mmoja, kazi imekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jibuni maswali mawili kwa majina ya watu: nani ataandika, na nani atasasisha? Jina la pili likikosekana, msiuweke mfumo huo.

7. Kuna njia ya kati kati ya kuandika HTML kwa mkono na kuweka mfumo mzima?

Ipo. Kuna programu zinazochukua maandishi yako na kiolezo kimoja cha ukurasa, kisha zinatoa tovuti nzima ya HTML iliyo tayari kupakiwa. Jekyll ya mwaka 2008 na Hugo ya mwaka 2013 ndizo zilizozoeleka. Menyu ikibadilika unaibadilisha mahali pamoja na kurasa zote zinafuata, lakini kwenye seva hakuna programu ya kudukuliwa wala kanzidata ya kutunzwa. Zinamfaa fundi anayetunza tovuti ya kurasa 20 hadi mia kadhaa. Hazimfai katibu muhtasi ambaye hajawahi kuandika amri kwenye kompyuta, isipokuwa awe na mtu wa kumsaidia.

## JavaScript na fremuweki

8. Tovuti isiyo na JavaScript inaweza kufanya nini?

Inaweza kufanya zaidi ya wanavyodhani wengi waliojifunza kazi hii miaka ya karibuni. Sehemu inayofunguka na kufungika ikiguswa, kama orodha ya maswali, inaandikwa kwa `<details>` na `<summary>`. Kalenda ya kuchagua tarehe inaletwa na `<input type="date">`, na simu inaonyesha kalenda yake yenyewe ambayo mtumiaji ameshaizoea. Neno `required` linazuia fomu kutumwa ikiwa na pengo. Video inachezwa kwa `<video>`. Mpangilio unaobadilika kati ya simu na kompyuta, menyu inayobaki juu, na hata rangi za usiku, vyote ni kazi ya CSS.

Haya hayakuwapo zamani. Miaka ya 2000 fundi alilazimika kutumia JavaScript kwa mambo hayo, na jQuery, maktaba ya JavaScript (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya mwaka 2006, ilienea kwa sababu vivinjari vya wakati huo vilikuwa vinatofautiana vibaya. Mafunzo mengi mtandaoni bado yanafundisha dawa ya ugonjwa ambao vivinjari vimeshapona.

9. Ni lini basi JavaScript inahitajika?

Inahitajika pale ukurasa unapopaswa kubadilika kwa kufuata mkono wa mtumiaji, na kurudi kwenye seva kila mara kungeharibu kazi yenyewe. Ramani ni mfano mzuri. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko na kuyaingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia iliyo mtandaoni. Mtu anayetaka kujua kama mfereji ulio nyuma ya nyumba yake umechorwa lazima aisogeze ramani, aikuze, aguse alama. Picha tuli haiwezi kumpa hilo. Lakini nyumba ya wageni inayotaka kuonyesha ilipo inatosheka na picha moja ya ramani, maelezo ya njia kuanzia stendi, na kiungo cha kufungua ramani kwenye simu ya mgeni.

Mfano wa pili ni fomu inayojazwa mahali pasipo na mtandao. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kaya kijijini anahitaji ukurasa unaofunguka bila intaneti, unaohifadhi alichoandika ndani ya simu, na kukituma mtandao ukirudi. Vivinjari vya leo vinaweza kazi hiyo, lakini kwa JavaScript tu, na ni kazi inayostahili kulipiwa vizuri na kupimwa kwa uangalifu, kwa sababu taarifa ya mgonjwa ikipotea njiani hakuna wa kuirudisha.

Kikokotoo cha marejesho ya mkopo nacho ni matumizi halali: mistari 30 ya JavaScript isiyo na maktaba yoyote inamaliza.

10. Je, ninahitaji React au fremuweki nyingine?

React, fremuweki ya JavaScript (yaani msimbo ulio tayari ambao fundi hujenga juu yake), ilitolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013. Ilitokana na tatizo la kampuni yenye ukurasa ambao sehemu zake nyingi hubadilika kwa wakati mmoja: ujumbe mpya unaingia, idadi ya arifa inapanda, maoni yanaongezeka, na vyote lazima vikubaliane. Kama unatengeneza kitu cha aina hiyo, kwa mfano mfumo wa kuhudumia wagonjwa ambapo mapokezi, maabara na dawa wanatazama orodha moja inayobadilika kila dakika, fremuweki itakuokoa na makosa mengi.

Kwa tovuti ya kusomwa, hesabu ni tofauti. Ukurasa uliojengwa hivyo bila maandalizi ya ziada humfikia msomaji ukiwa mtupu. Simu inapakua programu, inaichambua, inaiendesha, ndipo maandishi yanatokea. Mzigo wa JavaScript na mzigo wa picha vikiwa na uzito uleule havilingani: picha ikifika inachorwa tu, lakini programu ikifika lazima itafsiriwe na kutekelezwa na prosesa ya simu, na simu za bei nafuu ndizo zinazochelewa hapo. Vijana wanaoitaka kwa ajili ya kujifunza nawaunga mkono kwa moyo wote, mradi wajifunzie kwenye kazi zao wenyewe.

11. Kwa nini simu ya msomaji iwe kigezo? Si simu zinazidi kuwa nzuri?

Siku moja nilikaa na mwalimu wa taaluma wa shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji. Alitoa simu yake, yenye ufa kwenye kona ya kioo, akaandika anwani ya tovuti mpya ya shule. Ukurasa ukawa mweupe. Akasimama, akasogea dirishani ambako mtandao unashika. Ikaja nembo, kisha nusu ya kichwa cha habari. Alipotaka kugusa neno "Matangazo" picha kubwa ikaingia juu, maandishi yakashuka, na kidole kikaangukia kiungo kingine. Akaanza upya. Alichokuwa anatafuta ni tarehe ya kufungua shule, na bando lake lilikuwa la siku.

Baadaye nilipima ile picha. Ilikuwa imetoka kwenye kamera bila kupunguzwa, pikseli 4,000 kwa 3,000, nayo ilionyeshwa kwenye nafasi ya 400 kwa 300. Yaani simu ilipakua pikseli milioni 12 ili ionyeshe 120,000, mara 100 ya nafasi iliyokuwapo. Hata ukizingatia vioo vyenye msongamano mara mbili, 800 kwa 600 ingetosha. Hakuna fremuweki inayotibu jambo hilo. Kulitibu ni kupunguza picha kabla ya kuipakia na kuandika upana na kimo chake ndani ya HTML ili nafasi yake itengwe mapema na maandishi yasiruke.

Wako pia wanaotumia Opera Mini kwa kubana matumizi. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera na kutumwa ukiwa umeshafupishwa, hivyo JavaScript hupewa muda mfupi tu. Menyu inayotegemea JavaScript inaweza kufa hapo, ilhali kiungo cha kawaida hakifi.

12. Je, ni salama kutegemea maktaba na fonti zinazotoka kwenye seva za wengine?

Kila kitu unachokiita kutoka nje kinaongeza sehemu inayoweza kukatika. Mwezi Machi 2016 mtengenezaji mmoja aliondoa kwenye npm, hazina ambako mafundi hupakua vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, kifurushi chake kilichoitwa left-pad, chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa, mingine ikiwa haijui hata kama inakitegemea. Karibu na kwetu, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadorora. Katika hali kama hiyo, ukurasa ulio kwenye seva ya hapa nchini lakini unaosubiri fonti na maktaba za ng'ambo ndipo uonekane, unazuiwa na vitu ambavyo havikuwa vya lazima. Pakia nakala zake kwenye seva yako, au tumia fonti zilizomo kwenye simu.

## Fomu, malipo na akaunti

13. Ninahitaji fomu ya mawasiliano?

Mara nyingi huhitaji. Fomu inadai programu ya kuipokea upande wa seva, kinga dhidi ya barua taka, na mtu wa kusoma kisanduku kinakoingia. Kiungo cha `tel:` kinachopiga simu kikiguswa, pamoja na kiungo cha kufungua WhatsApp, vinafanya kazi hiyo mahali ambapo wateja wako wapo tayari. Fomu iwekwe pale unapohitaji majibu yaliyopangwa sawasawa, kama maombi ya kujiunga na shule.

14. Je, tovuti ipokee malipo yenyewe?

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na mitandao mingine kufuata, mteja wa Afrika Mashariki anaweza kulipa bila tovuti kuhusika. Kama maagizo ni machache kwa siku, andika Lipa Namba na jina linalotokea mtu anapolipa, eleza kwamba atume ujumbe wa uthibitisho, na mtu wako aukague. Njia hii haina aibu yoyote.

Maagizo yakiwa mengi kiasi kwamba mtu huyo anakosea, ndipo inafaa tovuti itume ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu ya mteja. Hapo ujue unachokiingia. Mteja anaingiza namba ya siri kwenye simu yake, kisha seva ya kampuni ya simu inaipigia seva yako kwenye anwani ya HTTPS kuieleza kama malipo yamepita. Taarifa hiyo inaweza kuchelewa, na inaweza kuja mara mbili. Lazima uwe na programu inayoipokea, kanzidata inayokumbuka namba za miamala ili agizo moja lisihesabiwe mara mbili, na funguo za siri ambazo haziwezi kukaa kwenye ukurasa kwa kuwa kila msomaji anaweza kuona msimbo wake. Kurasa tuli haziwezi kazi hii.

15. Je, niwaruhusu watu wafungue akaunti?

Fanya hivyo ikiwa tu mtu anarudi kwa ajili ya kitu kilicho chake peke yake, kama salio la swali la 2. Ukishahifadhi majina, namba za simu na nywila, umeingia kwenye wajibu wa kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Taarifa ambayo hukuikusanya haiwezi kuibiwa kwako.

## Hali zisizo za kawaida

16. Je, tunahitaji programu ya simu badala ya tovuti?

Kama watu watakutafuta kwanza kwa jina au kwa huduma, hapana. Hakuna anayepakua programu ili aone saa za zahanati. Programu inafaa kwa mtumiaji wa kila siku, au kifaa kinapohitajika kwa undani ambao kivinjari hakifiki.

17. Mfadhili ameandika kwenye hadidu za rejea kwamba lazima pawe na kanzidata na paneli ya usimamizi. Nifanyeje?

Muulize kwa adabu ni kazi gani anayoikusudia, kwani mara nyingi mwandishi wa hadidu amenakili za mradi uliopita. Kisha mpelekee simu mbili za bei nafuu, moja ikiwa na ukurasa mwepesi wenye maudhui yake na nyingine ikiwa na ule mzito, azifungue mwenyewe kwa mtandao wa kawaida. Nimeona mjadala wa wiki mbili ukimalizika ndani ya dakika tano kwa njia hiyo. Akibaki na msimamo wake, timiza mkataba, lakini dai iandikwe kwenye makabidhiano ni nani atakayesasisha na fedha zake zitatoka wapi baada ya mradi kufungwa.

18. Tovuti yetu ni ya zamani lakini inafanya kazi. Tuibadilishe?

Angalia imejengwa kwa nini. Zile zilizotegemea Flash zilikufa pale Adobe ilipoacha kuitegemeza tarehe 31 Desemba 2020, na michezo na masomo mengi yakaenda nayo. Kurasa za HTML za miaka ileile bado zinasomeka. Kama tovuti ni ya HTML, mara nyingi inatosha kuongeza yaliyotajwa kwenye swali la 4 na kupunguza picha. Kama inaendeshwa na mfumo usiosasishwa tena, ihamishe kabla hayajaifika ya swali la 6.

19. Je, nikichagua kidogo mno, nitajuaje, na nitarekebishaje?

Utaliona kwenye kazi za watu. Bei ileile inaandikwa kwenye kurasa tatu na mbili zinasahaulika. Fundi anapokea jumbe kumi kwa wiki za kubadilisha neno moja. Karani anahamisha maombi kutoka kwenye barua pepe kwenda kwenye daftari kwa mkono. Kila dalili ina tiba yake, na tiba ya moja haidai uvunje zote: ya kwanza inatibiwa na njia ya swali la 7, ya pili na mfumo wa kusimamia maudhui, ya tatu na fomu yenye kanzidata ndogo nyuma yake.

Unapohama, linda anwani za kurasa. Kama ada zilikuwa `/ada.html`, hakikisha anwani hiyo bado inafika mahali sahihi hata mfumo mpya ukitumia anwani nyingine. Wazazi wameshaitumiana WhatsApp, na wengine wameiandika kwa kalamu nyuma ya fomu ya kujiunga.